Faili Langu, Barua ya Binamu

Barua ilinifikia kama picha kwenye WhatsApp: kurasa nne zimepangwa juu ya meza ya jikoni, kando ya kikombe cha chai. Kijerumani kitupu. Katikati ya ukurasa wa pili niliona kitu nilichokitambua, jina la filamu kwa Kiingereza, na pembeni yake tarehe, saa, dakika mpaka sekunde. Chini kidogo kulikuwa na hesabu ya pesa. Zaidi ya euro 900. Halafu ikaingia sauti ya binamu yangu, fupi: "Walaal, hii ni nini? Mimi hii filamu sijawahi kuiona."

Mimi nilikuwa nimeiona. Mara mbili.

Binamu yangu anasomea uuguzi Ujerumani, ile njia ya kusoma huku unafanya kazi hospitalini ambayo vijana wengi wa Kenya wameikimbilia. Alikuja nyumbani Garissa likizo ya wiki tatu. Laptopu yangu ilikuwa imepasuka kioo, kwa hivyo nikaazima yake. Nikaiwekea programu ya torenti, nikashusha filamu tatu, moja tukaitazama uani pamoja na wadogo zetu. Stima ilipopotea tukamalizia na betri. Siku ya kuondoka nikamrudishia laptopu ikiwa safi, nimeipangusa vumbi na kila kitu. Programu sikuitoa. Wala sikukumbuka kwamba ipo.

Hizi programu hujiwasha zenyewe kompyuta ikiwaka. Binamu alipofika kwake akaunganisha laptopu na intaneti ya chumba chake, akaenda zamu ya usiku, na filamu yangu ikaanza kugawiwa kwa watu wasiojulikana kutoka kwa anwani yake.

Nimefikiria hilo jambo kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kufikiria chochote nilichofundishwa chuoni (ambako sikukaa sana, nilitoka mwaka wa pili karo ilipogoma). Faili ni lile lile. Programu ni ile ile. Aliyelishusha ni mimi. Garissa hakuna aliyeniuliza kitu. Ukivuka daraja la Tana unaulizwa kitambulisho, unashushwa kwa basi, unapanga foleni, begi lako linafunguliwa. Hakuna siku askari amewahi kuniuliza filamu zilizo kwenye flashi yangu nimezitoa wapi. Mwili wangu ulikuwa umezoea hivyo. Kwangu kosa lilikuwa ni kitu ambacho mtu anaweza kukukamata nacho, na torenti haikuwa kwenye orodha hiyo.

Kama hujawahi kuangalia torenti inavyofanya kazi, ni hivi. Zamani ukitaka wimbo unaenda mahali ulipowekwa unauchukua, kama duka. Mwaka 2001 Mmarekani mmoja, Bram Cohen, akatoa BitTorrent, ambayo haina duka. Faili linakatwa vipande vidogo vidogo, na kila anayelitaka anapokea vipande kutoka kwa wenzake, huku naye akiwapa vile alivyokwisha kupata. Hujamaliza hata nusu na tayari wewe ni mgawaji. Ukimaliza, unaendelea kugawa mpaka uzime. Wenyewe wanaita kusidi, yaani kupanda mbegu. Ndiyo maana inaenda kasi, na ndiyo maana ni rahisi kukuona: ili upewe kipande lazima anwani yako ya IP ionekane na wale unaogawana nao. Kampuni za kuwinda zinachofanya ni kuingia kwenye hilo kundi kama mtu yeyote, kuandika anwani zilizomo na saa yake, basi. Ujerumani wenye filamu wanaenda mahakamani na hiyo orodha, mahakama inaruhusu kampuni ya intaneti itaje mteja ni nani, na wakili anatuma barua. Barua inataka mambo mawili: ulipe, na utie sahihi ahadi kwamba hutarudia. Hiyo ahadi ni mtego kuliko pesa, kwa sababu inakufunga miaka mingi na ukiivunja faini yake ni kubwa zaidi. Binamu alikaribia kuisaini usiku ule ule, kwa woga. Alidhani ni mambo ya viza.

Mama yangu ni mzaliwa wa Wajir, mji wa visima. Nilipomweleza yaliyotokea alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja. Kwa Kiswahili lingekuwa hivi: "Ulikunywa, ama ulinywesha?"

Yeye alikuwa anaongea mambo ya kisima. Kisima kimechimbwa na watu, wana jina, wana zamu. Mtu mwenye kiu akipita, hata adui, hanyimwi maji, anakunywa anaenda. Lakini mtu akija na ngamia mia, hiyo ni habari nyingine. Lazima akae chini na waliochimba, waongee, apewe siku yake. Asipofanya hivyo atatafutwa, na si kwa maneno tu.

Nilicheka kwanza, kisha nikaacha, kwa sababu nilikuwa nimetoka kusoma Sheria ya Hakimiliki ya Kenya na inasema karibu kitu hicho hicho. Ni ya mwaka 2001, mwaka mmoja na BitTorrent, utafikiri walizaliwa wapigane. Kifungu cha 38 kinataja makosa ya jinai: kutengeneza nakala haramu za kuuza, kuziuza, kuzisambaza, na kuwa nazo kwa shughuli ambazo si za binafsi na za nyumbani. Adhabu ya baadhi ya makosa hayo inafika faini ya shilingi 400,000, au kifungo cha miaka 10, au vyote viwili. Hayo maneno, "binafsi na nyumbani", ndiyo yule mtu wa kiu. Haina maana kwamba mwenye kazi hawezi kukudai fidia kwa kesi ya madai. Hiyo njia iko. Lakini jela na faini sheria imezielekeza zaidi kwa anayenywesha.

Na hapo ndipo torenti inapokuharibia hesabu. Unadhani umeinama kunywa peke yako, kumbe nyuma yako kuna ngamia elfu na kamba zao zote umezishika wewe. Huwezi kusema nilitazama tu nyumbani. Ungetazama tu, ungekuwa mtu wa kiu. Uligawa.

Ningeweza kuishia hapo, ikawa makala ya kukuonya uzime programu. Lakini kuna kitu kingine ambacho sikumwambia mama.

Baada ya kutoka chuo nilifanya kazi kwa saiba moja karibu na Soko Mugdi, karibu miaka miwili. Kuchapa CV, kujaza fomu za watu, KRA, HELB, paspoti. Pesa ya kweli ilikuwa kwa flashi. Filamu shilingi 20, msimu mzima wa tamthilia 50. Usiku bando ni rahisi, kwa hivyo torenti zilikuwa zinashuka usiku kucha, asubuhi ninapanga folda. Zilizotoka sana ni za Kihindi zilizotiwa sauti ya Kisomali. Hizo hata wazee wananunua. Madereva wa kwenda Dadaab na Mandera walikuwa wanajaza kabla ya safari. Sikujiona mwizi hata siku moja. Nilikuwa na hoja zangu, na nitazitaja kwa sababu bado sijazitupa zote.

Moja, sichukui kitu cha mtu. Nikikuibia mbuzi, huna mbuzi. Nikinakili filamu yako, bado unayo. Pili, singenunua hata hivyo. Filamu ile haikuuzwa Garissa, na mahali ilipouzwa walitaka kadi ya benki ambayo sikuwa nayo. Tatu, na hii ndiyo niliyoipenda zaidi, kuna vitu mtu maskini ana haki navyo. Mwaka wangu wa kwanza chuoni kitabu cha takwimu kiligharimu zaidi ya kodi yangu ya miezi miwili, na maktaba ilikuwa na nakala mbili kwa darasa zima. Nilikishusha bure usiku mmoja. Nilifaulu somo lile. Mpaka leo mtu akiniambia niombe msamaha kwa kile kitabu, nitamwangalia tu. Alexandra Elbakyan, binti wa Kazakhstan, alianzisha Sci-Hub mwaka 2011 kwa sababu kama hiyo, makala za kisayansi ziwafikie wasio na pesa. Mwaka 2017 mahakama ya New York ikaamua ailipe kampuni ya Elsevier dola milioni 15. Wapo wanafunzi wa hapa Kenya waliomaliza digrii kwa sababu yake, na wanajijua.

Sasa, kuna dada mmoja wa mtaa wetu aliyetengeneza filamu. Nusu saa, kwa Kisomali, vichekesho vya bwana harusi anayetoka ng'ambo na kumbe hana hata nauli ya kurudi. Simu moja, maiki ya kuazima, waigizaji ni binamu zake. Ilichekesha kweli. Alikuja saiba akasema tuiuze shilingi 100, mimi nibaki na 30. Nikaandika kwa daftari kila nakala. Wiki ya kwanza kumi na mbili.

Halafu watu wakaanza kuja na flashi: bro, niwekee na ile ya bwana harusi. Kwa shilingi 20, kama zingine. Nikawawekea. Hawakuwa wengi siku moja, walikuwa watatu leo, watano kesho. Sikuandika hao. Wiki ya pili vijana wa boda walikuwa wanarushiana kwa simu pale stejini, ikawa haina haja hata ya mimi.

Alipokuja kuchukua pesa nikamhesabia 840. Akaniuliza, "Umeuza ngapi?" Nikamwambia kumi na mbili, nikamwonyesha daftari. Akatazama daftari, akanitazama mimi. Alikuwa ameiona ikichezwa kwenye basi. Akachukua pesa zake akaenda. Siku hizi anapiga picha za harusi. Filamu ya pili haijatoka. Sisemi ni kwa sababu yangu, watu huacha mambo kwa sababu nyingi. Lakini ile hoja ya mbuzi, kwamba bado unayo, jaribu kumwambia yeye. Alibaki na filamu yake yote, hakuna aliyemnyang'anya hata sekunde moja. Kilichoondoka ni wale watu ambao wangempa shilingi 100.

Mimi nilivunja sheria kwake waziwazi kuliko mahali popote, kwa kuuza, kwa pesa, na nikamdanganya machoni. Kwa hilo hakuna barua iliyokuja. Haitakuja. Yeye hana wakili, na hakujua kama Bodi ya Hakimiliki ingemsikiliza. Hata angejua, filamu ya shilingi 840 nani angeshughulika nayo?

Upande wa pili wa mizani yupo Jammie Thomas-Rasset wa Minnesota. Namtaja kwa sababu Minneapolis kwetu ni kama mtaa wa Garissa ulioko mbali. Kila familia ina mtu Cedar-Riverside. Huyu mama alishtakiwa na kampuni za muziki kwa nyimbo 24 zilizogawiwa kwa Kazaa. Mwaka 2007 baraza la wazee wa mahakama likasema alipe dola 222,000. Kesi ikarudiwa mwaka 2009, safari hii Minneapolis kwenyewe, ikapanda mpaka dola 1,920,000. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ikairudisha kwa 222,000. Gawanya, ni dola 9,250 kwa wimbo mmoja. Hata uwe mtetezi mkali wa hakimiliki, hebu niambie ni wimbo gani huo.

Kwa hivyo weka watu watatu pamoja. Mama wa Minnesota, hasara aliyosababisha ni ndogo hata kupimika ni shida, na sheria ikamwangukia kama ukuta. Mimi wa saiba, nilimuumiza mtu ninayemjua kwa sura, sheria haikupepesa jicho. Na binamu yangu, ambaye hakufanya kitu kabisa, akatumiwa hesabu ya euro 900. Nilikuwa nimezoea kuuliza "nitashikwa?" nikidhani ninauliza "ni makosa?" Hayo maswali hayajuani. Hatari ya kisheria inamfuata mwenye mawakili na mwenye intaneti inayosomeka, haifuati kidonda kilipo.

Msinielewe vibaya, Kenya nayo inaelekea huko. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliwapa wenye kazi uwezo wa kuziandikia kampuni za intaneti ziondoe au zifunge kilichoibwa, na zimepewa saa 48 za kazi. MultiChoice ilizipeleka Safaricom na Jamii Telecom kortini kwa tovuti zinazoonyesha mpira bila kibali. Mpira, si filamu ya bwana harusi. Nani anaanza kulindwa si siri.

Mjomba wangu, ambaye ni mtu wa msikitini, aliniambia mimi ninazungukazunguka bure. Akanieleza kwamba Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikaa Kuwait mwaka 1988 likaamua kwamba haki za mtunzi na mvumbuzi ni mali yake kisheria, na kuzivamia hairuhusiwi. Mwaka 1988! Mimi sijazaliwa, intaneti yenyewe haijafika Garissa. Nikamuuliza, na kitabu cha takwimu je? Akanyamaza kidogo. "Hicho umtafute mwenyewe umwombe akusamehe." Nikamwambia mwenyewe yuko Marekani na kitabu ni cha kampuni. Akasema, basi ni juu yako na Mola wako. Kisha akaniuliza kama ninaweza kumtafutia mawaidha fulani nimwekee kwa flashi. Sikujua nicheke ama nilie. Nikamwekea, yalikuwa ya bure, nilihakikisha.

Kinachonisumbua zaidi si filamu ya watu wa Hollywood. Hiyo, nikisema kweli, hainiamshi usiku. Kinachonisumbua ni kwamba nilikuwa nagawa vitu viwili kwa wakati mmoja na nilihesabu kimoja. Pamoja na faili nilikuwa nagawa hatari. Kila niliyemjazia flashi, kila laptopu niliyoazima, nilikuwa naacha kitu pale ambacho mwenyewe hakukiomba. Garissa hakina uzito kwa sababu hapa hakuna anayekusanya deni lake. Kikivuka mpaka kinapata uzito, na anayekibeba ni yule ambaye jina lake liko kwa mkataba wa intaneti. Mgeni, mwanafunzi, mtu ambaye akiona barua yenye mhuri anafikiria kufukuzwa nchini kabla hajafikiria pesa. Ningemwomba ruhusa angekataa. Sikumwomba kwa sababu haikunijia kwamba kuna kitu cha kuomba.

Binamu alitafuta ushauri wa wakili kabla ya kujibu. Ahadi iliandikwa upya kwa maneno mepesi zaidi, pesa zikapunguzwa, zikabaki bado nyingi kwa mtu wa mshahara wa mafunzo. Alilipa yeye, kwa sababu tarehe ilikuwa inakaribia. Mimi ninamlipa yeye. Hatukuandikiana. Alisema, "Wacha, walaal, ilikuwa bahati mbaya," na nilijua kwa sauti yake kwamba hakusema wacha ya kweli.

Kwa dada wa filamu nilienda mwezi wa tatu. Nilipiga hesabu ya zile nakala za shilingi 20 kwa kukadiria, nikazihesabu kwa bei ya 100, nikatoa fungu langu, nikaweka kwa bahasha. Hakuwa na hasira. Alihesabu mbele yangu, noti kwa noti, akaniuliza zile za kwenye basi nimezihesabu? Nikasema hizo sikuzigawa mimi. Akasema, "Walizitoa wapi?"

Bado nina ile folda ya vitabu. Filamu nilifuta zote, programu nikaitoa, nikawaandikia watu wanne niliowahi kuwawekea na wanaoishi nje waiangalie kwenye kompyuta zao. Mmoja alijibu kwa emoji ya kucheka. Mwingine, wa Leicester, alinipigia saa hiyo hiyo.

Kila mwisho wa mwezi ninaenda kwa hawala. Mara ya kwanza yule kijana wa kaunta alichukua fomu, akaandika jina la anayetuma, Garissa, jina la anayepokea, Ujerumani, kisha akasimamisha kalamu. "Umegeuza," akaniambia, "huku ndiko wanapokea." Nikamwambia sijageuza. Akaita mwenzake aje aone. Siku hizi ananijua, ananiuliza tu zimebaki ngapi. Zimebaki mbili.